Baruti kiasi gani? Niliyojifunza kwenye bastola za kushindilia

Wakuu, kila nikigusia hizi bastola za zamani za kushindilia, zile za fataki (kikofia kidogo cha mlipuko kinachogongwa na nyundo) na gololi, swali la kwanza huwa ni hilohilo, unaweka baruti kiasi gani? Na ukimwangalia anayeuliza unaona kabisa anasubiri utaje namba kubwa. Jibu langu siku zote ni kwamba weka ile ambayo karatasi ya shabaha imeikubali, sio ile iliyoingia mpaka chemba (tundu la silinda la kutia baruti) ikajaa, na kwa bastola nyingi za kaliba .44 nilizopiga hiyo huwa iko kati ya greni 22 na 28 (greni ni kipimo cha uzito, nitakieleza mbele) wakati chemba yenyewe inaweza kumeza hata 35. Hapo ndo watu wanaguna. Sasa ngoja nieleze nilivyofika hapo maana si jambo la kusema kwa sentensi moja.

Mi ni mtu wa Dodoma, upande wa mama ni Mpwapwa, na baruti nyeusi sikuanza kuinusia ughaibuni. Mjomba wangu ana gobole la leseni, analitumia kulinda shamba la mtama na karanga chini ya vilima vya Kiboriani, na mtu aliyelima kule anajua nyani wa vilima vile wanaweza kukumalizia shamba asubuhi moja tu kabla hujamaliza chai. Nilikua namshika mkono mjomba anaposhindilia, namshikia pembe ya baruti, namtafutia kitambaa cha kusokomezea, mdeki (ufito wa kushindilia) ananipa nisafishe. Baadaye nikaenda Marekani kusoma, nikabaki kufanya kazi kule miaka kadhaa jimbo la Missouri, na jirani yangu mmoja mzee mstaafu akawa ndo mwalimu wangu wa pili. Yeye alikuwa nazo karibu zote, Remington ile watu wanaita 1858 (huo ni mwaka wa hataza uliochapwa juu ya mtutu, New Model Army zenyewe zilitoka wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe), Colt Navy ya 1851, Army ya 1860, zote nakala za Kiitaliano za Pietta na Uberti. Kule kwa sheria ya shirikisho silaha za namna hii zinahesabika za kale kwa hiyo upatikanaji wake ni mwepesi, ingawa kila jimbo lina yake.

Kwetu sio hivyo na naomba hili lieleweke mapema. Kwa sheria yetu ya silaha za moto na risasi ya mwaka 2015, hata gobole alilochomelea fundi wa kijijini ni silaha ya moto, linataka leseni, na baruti nayo ina sheria yake. Kwa hiyo ya bastola naongelea ya kule yalikofanyika, ya gobole naongelea ya mjomba ambaye karatasi zake ziko sawa na kituo cha polisi wanamjua kwa jina.

Tuanze na baruti yenyewe kwa sababu hapo ndo watu wanaweza kupotea vibaya. Baruti ninayosema hapa ni baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi mweupe na harufu ya kiberiti. Sio baruti ya kisasa isiyo na moshi ambayo iko kwenye risasi za leo, ile ukiiweka kwenye bastola ya kushindilia hata kidogo tu unapasua silinda na mkono wako unaenda nayo. Wala sio baruti ya mgodini. Nasema hivi kwa sababu Singida na Manyoni kote huko kuna wachimbaji na neno ni hilohilo baruti, kijana akisikia baruti anadhani zote ndugu, jamani hapana, za kupasulia mwamba ni kitu kingine kabisa na hazina kazi kwenye mtutu. Na wala sitamwelekeza mtu kujitengenezea, yule mzee alikuwa ananunua kopo limefungwa dukani, limeandikwa ukubwa wa punje, na mjomba naye ana njia yake halali.

Ukubwa wa punje ndo kitu cha kwanza kuchagua. Zinaandikwa kwa herufi F, F zikiwa nyingi punje ndogo zaidi. FF ni ya bunduki za mtutu mpana, FFF ndo ya bastola, FFFF ni vumbi la kutia kwenye kisahani cha bunduki za jiwe (zinazowashwa kwa cheche ya jiwe), hiyo usiishindilie. Punje ndogo inawaka haraka, na mtutu wa bastola ni mfupi, Remington ni inchi 8 tu, kwa hiyo unataka baruti iwe imeshafanya kazi yake kabla gololi haijatoka mdomoni. Tuliwahi kujaribu FF kwenye Army ya 1860, ililia vizuri tu lakini ilikuwa nzito, uchafu mwingi na gololi inashuka chini. Tukarudi FFF siku hiyohiyo.

Halafu kipimo. Greni ni kipimo cha uzito, greni 7000 ndo paundi moja, kwa hiyo greni 25 ni kama gramu 1.6 hivi, kiasi ambacho kinakaa kwenye ncha ya kijiko cha chai. Ila kwenye baruti nyeusi watu hawapimi kwa mizani, wanapima kwa ujazo, unakuwa na kikopo kidogo cha shaba kina alama, unajaza, unagonga kidogo pembeni, unasawazisha juu. Na zile baruti mbadala kama Pyrodex ni nyepesi kuliko nyeusi, kwa hiyo ukisema unapima kwa mizani greni 25 za Pyrodex utakuwa umeweka ujazo mkubwa zaidi kuliko ulivyodhani, zipime kwa kikopo kilekile. Mjomba kikopo chake ni kipande cha mwanzi alichorithi kwa baba yake, kimekatwa juu ya kifundo, hakijui greni wala gramu lakini kinatoa kiasi kilekile kila siku, na hilo la kiasi kilekile lina uzito kuliko namba yenyewe.

Jambo lingine ambalo yule mzee alikuwa mkali nalo mno ni kumimina. Chupa ya baruti ina mdomo wenye kipimo, ukiigeuza na kubonyeza inakupa kiasi chako, na kwenye picha za zamani unaona watu wanaiweka mdomo kwa mdomo na silinda. Alikataa katakata. Unamimina kwenye kikopo kwanza, unafunga chupa, unaweka mbali, ndo kikopo kinaenda kwenye chemba. Sababu ni kwamba chemba ikitoka kupiga inaweza kubaki na cheche ndani ya masizi, na chupa ya baruti mkononi ikishika moto hiyo tena sio chupa. Kila baada ya mzunguko alikuwa anaacha silinda ipoe tunaongea habari zingine.

Sasa gololi. Watu wengi wanaongea baruti tu wanasahau kwamba baruti ileile inabadilika tabia kutegemea gololi imekaaje. Gololi ya bastola hizi lazima iwe kubwa kidogo kuliko chemba. Kwa Pietta za .44 tulitumia .451, kwa Uberti .454, na Navy ambayo inaitwa .36 inakula .375 mpaka .380. Ukiweka gololi juu ya chemba haizami, inakaa juu, halafu unavuta mkono wa kushindilia ulioko chini ya mtutu, nayo inaingia kwa nguvu na kuacha pete nyembamba ya madini ya risasi imekatwa pembeni. Ile pete mi napenda sana kuiangalia. Ikitoka nzima mzunguko wote, haijakatika upande, ujue gololi imejaa chemba vizuri na moto hauna pa kupenya kutoka mbele. Ikitoka nusu, au isipotoka kabisa, ujue gololi ni ndogo au chemba ina kasoro, na hapo usijidanganye kuendelea. Unaikung'uta ile pete isije ikaingia kwenye mashine. Na hayo madini ya risasi yawe laini, risasi safi, mtu asichukue vyuma vya betri chakavu au vya kusawazisha matairi akayeyusha, vile ni vigumu, utavunja mkono wa kushindilia na pete hutaiona.

Haya, kwenye kuchagua kiasi chenyewe. Tulifanya hivi na Remington. Mezani mfuko wa mchanga, karatasi yadi 25, ambayo ni kama mita 23, upepo hakuna, asubuhi. Tukaanza na greni 20, chemba tano kwenye karatasi moja, tunaandika juu yake, tunabandika mpya. Halafu 22, halafu 25, halafu 28, 30, na mwisho 35 ambayo gololi ilikuwa inaingia kwa shida inabana mdomoni. Kila kitu kingine hakibadiliki, gololi ileile, fataki ileile, mafuta yaleyale, na mkono wa kushindilia unauvuta kwa nguvu ileile. Hili la mwisho watu wanalidharau. Baruti nyeusi inataka kubanwa, gololi ikae juu yake imegusa kabisa bila upenyo wa hewa katikati, kukiwa na nafasi presha inaweza kwenda vibaya na kuharibu mtutu, ila pia ukibana hii kwa nguvu ya kuchimba kisima na ile kwa kuigusa tu, karatasi itakuonyesha tofauti hata kama baruti umepima kwa uangalifu.

Karatasi ya 35 ilikuwa mbaya kuliko zote. Mlio mkubwa, moshi kama umechoma majani mabichi, ulimi wa moto unatoka mdomoni unauona mchana, bastola inanyanyuka, na ukienda kuangalia matundu yametawanyika, mawili juu kulia, moja limetoka nje kabisa ya duara. Ile ya 30 nafuu. Ya 28 nzuri. Ya 25 ndo ilinifanya nisimame pale mbele ya karatasi muda mrefu, matundu matano yamekaa pamoja ungeyafunika yote kwa kiganja na mawili kati yake yamegusana, kingo zake zimechanika pamoja. Tukarudia siku zingine, majira mengine, 25 ikabaki palepale. Yule mzee wala hakushangaa, akanambia kijana huo moto unaouona unatoka mdomoni kwenye 35 ni baruti uliyoinunua inaungulia nje, mtutu umeisha yenyewe bado haijamaliza, unalipia kelele. Na pia pale kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, kila ukizidisha na hapo nako kunatema.

Nikampigia mjomba simu jioni ile nimsimulie. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, mbukwa, habari za huko, mpaka tukafika kwenye baruti. Akasikiliza yote ya greni na karatasi, halafu akasema, "Mjomba, hilo mbona linajulikana, ukiongeza baruti nyani haogopi zaidi, bega lako ndo linajua." Akanikumbusha mwanzi wake haujai mpaka juu, kuna alama ya kisu ndani, robo kutoka mdomoni, baba yake aliiweka baada ya kulijaribu gobole lile kwenye shina la mbuyu. Yaani na wao walichagua kwa kupiga na kuangalia, shina la mbuyu ndo ilikuwa karatasi yao.

Ila usichukue 25 yangu ukaiona ndo sheria. Remington nyingine ya mwaka mwingine inaweza kupenda 22 au 30. Kwenye nakala nyingi mdomo wa chemba ni mwembamba kidogo kuliko mtutu, gololi inatoka kwenye silinda imeshabanwa ikaingia mtutu ambao haiujazi vizuri, basi hiyo kila moja ina tabia yake. Unaanza chini, kwa namba za chini ambazo mtengenezaji ameandika kwenye kijitabu, unapanda greni mbili tatu, huvuki namba yake ya juu, na unaandika. Mali bila daftari huisha bila habari, na baruti ni hivyohivyo, mi mpaka leo nina daftari lenye bastola gani, gololi gani, baruti gani, hali ya hewa, na kundi la matundu limekuwa na upana gani.

Kuna kitu kimoja ambacho hakina mjadala nacho ni fremu ya shaba ya njano. Zipo nakala zinauzwa bei rahisi, fremu inang'aa kama dhahabu, zinapendeza sana ukutani. Shaba ile ni laini kuliko chuma. Ukiipiga mizigo mikubwa (yaani baruti nyingi), silinda inarudi nyuma na kugonga ile ngao iliyo mbele ya nyundo, pole pole inachora alama ya duara, fremu inavutika, mwanya kati ya silinda na mtutu unaongezeka na hakuna fundi wa kuirudisha. Yule mzee alikuwa na moja ameinunua mnadani, akanionyesha kwa tochi, ile alama ya meno ya silinda imezama kabisa kwenye shaba, aliyekuwa nayo alikuwa anaijaza mpaka juu. Za namna hiyo kaliba .44 hatukuvuka 20, na .36 tulikaa 15, zikatulia na zikapiga vizuri tu.

Sasa ukipunguza baruti unapata tatizo lingine. Greni 20 kwenye chemba ya .44 zinakaa chini, gololi nayo inazama mbali kutoka mdomoni, na inapotoka inaruka safari ndefu ndani ya chemba kabla haijakutana na mtutu, kundi linafunguka. Dawa yake ni unga. Nimesema unga kweli, semolina au unga wa mahindi mkavu, unamimina juu ya baruti, gololi inakaa juu ya unga karibu na mdomo, na moto haubadiliki. Wengine wanaweka kipande cha felti kilicholowekwa mafuta, au vyote viwili. Karatasi ya 20 bila unga na ya 20 na unga ukiziweka pamoja hutaamini ni bastola moja. Mjomba nilipomwambia wazungu wanatia unga wa ugali kwenye bastola alinyamaza kwenye simu kidogo, halafu akauliza ni sembe au dona, nikamwambia ule uliokauka na usio na mafuta, dona lina kiini, lina mafuta yake. Akasema basi hata wa uwele haufai. Ni kweli, uwele una mafuta.

Mafuta ya kulainisha ndo mahali ambapo Dodoma ilinifundisha zaidi kuliko Missouri. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu yake inabaki kama uchafu mgumu, haigeuki gesi yote. Missouri kiangazi chao kina unyevu, jasho linatoka umekaa, masizi yanabaki laini unaweza kupiga mizunguko mingi silinda bado inazunguka. Nilipokuja likizo mwezi wa nane, ule upepo mkavu wa Dodoma ambao unapasua midomo, nikaenda kwa mjomba, akapiga gobole mara chache tu mdeki ukaanza kukwama, masizi yamekauka ndani ya mtutu kama ukoko wa sufuria. Yeye anajua, anapitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya risasi chache, halafu kikavu, ndo anashindilia tena. Na anapaka mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Nta nzuri inatoka Itigi na Manyoni, huko asali na nta ndo kwao. Mzee wa Missouri naye, bila wao kujuana hata siku moja, alikuwa anayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, anatumbukiza vile vipande vya felti, kisha anaviweka kati ya baruti na gololi. Mafuta ya petroli kama grisi ya gari au oili ya injini usitumie kwenye kupiga, yakiungua na baruti nyeusi yanatengeneza lami ambayo kuitoa ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo kama uko sehemu kavu, sehemu ya kuchagua mzigo wako ni kuangalia pia silinda inazunguka mpaka mzunguko wa ngapi, maana mzigo mkubwa unaacha uchafu zaidi, hii nayo ni sababu mojawapo ya kukaa kwenye 25 badala ya 35.

Navy ya .36 sina mengi, gololi yake ni greni 80 hivi, nyepesi, tulipanda kutoka 15 ikatulia kwenye 20, haipigi teke, ukimfundisha mtu mgeni mwanzishe na hiyo. Ila Colt hizi za zamani zinapiga juu kwenye umbali mfupi, alama ya kulengea nyuma ni mfereji mdogo uliokatwa juu ya nyundo, kwa hiyo ukiona matundu yako juu ya duara usikimbilie kubadilisha baruti, lenga chini. Colt Walker ya 1847 ni dude lingine, chemba moja inameza greni 60, niliishika, sikuipiga mzigo huo na sikuona sababu.

Chemba sita, jaza tano. Nyundo ilale juu ya chemba tupu. Hili hata kwenye zile zenye vijiti vya kushikia nyundo katikati ya chemba mi sibadilishi.

Na fataki ziwe za kubana. Bastola nyingi za nakala zinataka namba 10 au 11, fataki ikiwa pana inadondoka, au moto wa chemba inayopiga unaweza kuingia kwenye kichuchu (kile kinundu kinachovalishwa fataki) cha jirani ikalipuka chemba ambayo haiko mbele ya mtutu. Wengi wanadhani moto wa kurukia unatoka mbele tu ndo maana wanapaka grisi mdomoni mwa chemba, lakini na nyuma upo. Gololi ya kutoa pete mbele, fataki ya kubana nyuma, kati hapo baruti uliyopima. Fataki ikilia na risasi isitoke, unabaki umeelekeza kwenye shabaha, unahesabu taratibu kama dakika nzima, ndo unagusa kingine. Vipande vya fataki vikidondoka kwenye mashine nyundo inakwama, inua mdomo wa bastola juu unapovuta nyundo vidondoke nje.

Kuhifadhi sitarefusha. Kopo lake lenyewe, mbali na jiko, mbali na watoto, fataki kabati lingine kabisa. Watu wa kwetu wana historia ndefu na kitu hiki, mapipa ya baruti yalipita Mpwapwa na Ugogo kwenye misafara kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, karne ya 19, na kila mtoto wa Tabora amesikia habari za mtemi Isike, mwaka 1893 Wajerumani walipoingia ngomeni kwake alilipua ghala lake la baruti yeye akiwemo ndani. Cheche moja. Kopo moja la paundi ukipiga greni 25 linakupa risasi 280, mtu wa kawaida hana haja ya kuweka zaidi ya hilo ndani ya nyumba.

Kusafisha ni siku hiyohiyo, usilale. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji kutoka hewani na yanakula chuma usiku mmoja, hata Dodoma kukavu namna hii. Unatoa silinda, unafungua vichuchu, vyote kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni ya kawaida, brashi kwenye mtutu mpaka maji yatoke safi, unasuuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kikauke chenyewe kwa joto lake, halafu mafuta mepesi kila kona na grisi kidogo kwenye uzi wa vichuchu visije vikaganda. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kwenye mtutu na kila chemba. Kikitoka na rangi ya kahawia rudia na maji ya moto tangu mwanzo, na kabla ya kupiga tena futa mafuta yote kwenye chemba kwa kitambaa kikavu na piga fataki tupu moja moja kukausha vichuchu, maana baruti ikikutana na mafuta utaanza kudhani kiasi chako ndo kibaya.